Sumaku Siyo Chakula cha Mashine

(Mazungumzo na wanakisomo wa Masasi na Newala)



Leo tutazungumza juu ya sumaku na mota. Mota ni ile mashine inayozunguka kwa umeme. Imo ndani ya feni. Imo ndani ya pampu ya maji. Imo ndani ya mashine ya kusaga inayotumia umeme.

Tumechagua jambo hili kwa sababu ya swali. Katika vijiji tunavyopita, juu Newala na chini Masasi, vijana mafundi wametuuliza mara nyingi: "Je, ni kweli mtu anaweza kutengeneza mota ya sumaku tupu, ikazunguka siku zote bila mafuta, bila betri, bila umeme?" Wengine wameona picha zake kwenye simu. Wengine wameanza kukusanya sumaku za spika mbovu.

Na katika kijiji kimoja jambo hili limefika mpaka kwenye mkutano. Alikuja mtu akasema: kila nyumba ikitoa fedha kidogo baada ya mnada wa korosho, yeye ataleta pampu ya sumaku. Pampu hiyo itapandisha maji toka bondeni bure, mwaka hata mwaka.

Wanakijiji hawakukataa, wala hawakukubali. Walisema, "Kwanza tujifunze." Hilo ni neno la watu waliosoma. Basi na tujifunze.

MAJI YETU YAKO CHINI

Sisi watu wa huku tunajua kwa nini maneno kama hayo yanavutia. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama. Hayakai juu. Maji yako mabondeni, chini ya mteremko. Bibi zetu waliteremka na kupanda na mitungi vichwani kabla hawajasikia neno pampu.

Tangu miaka ya 1950 yamejengwa mabomba na mitambo ya kusukuma maji toka mabondeni kuja juu. Katika miaka ya 1970 nchi ya Ufini ilisaidia kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Chanzo cha Mitema kinajulikana na watu wengi wa Newala na Tandahimba. Lakini kupata maji ya Mitema ni kuyapandisha mlima. Na kupandisha ni kazi.

Hebu tupige hesabu. Ndoo moja ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Ndoo 50 ni lita 1000. Hizo ni kilo 1000, yaani tani moja. Tuseme bonde liko mita 300 chini ya kijiji. Kupandisha tani hiyo moja ya maji kunahitaji umeme usiopungua uniti 0.8. Hesabu hiyo ni ya pampu isiyopoteza kitu. Pampu ya namna hiyo haipo duniani. Kwa pampu ya kweli, umeme utazidi uniti moja.

Uniti hiyo ni ile ile mnayonunua ya LUKU. Mtu mwenye nguvu akizungusha mashine kwa mikono toka asubuhi mpaka jioni, hawezi kutoa uniti nzima. Sasa oneni ukubwa wa kazi, na hizo ni ndoo 50 tu. Anayesema pampu yake itafanya kazi hiyo bila kula kitu, anasema neno kubwa. Neno kubwa lazima lipimwe.

KILA MASHINE INA CHAKULA CHAKE

Mtu akilima siku tatu bila kula, ataanguka. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Mashine ya dizeli hula dizeli. Pikipiki hula petroli. Redio hula betri. Cherehani hula nguvu za miguu ya fundi. Jahazi hula upepo. Mkiona mashine inafanya kazi, tafuteni chakula chake. Kipo. Kama hamkioni, basi kimefichwa, au hamjatazama vizuri.

Haya, sumaku ni chakula? Hapana. Sumaku ni chombo. Ni kama mpini wa jembe. Bila mpini, jembe halilimi vizuri. Lakini usimamishe mpini shambani toka masika mpaka kiangazi. Hautalima hata tuta moja. Nguvu ni za mkono.

Tazameni bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi Februari mwaka 2024. Mitambo yake yote ni 9, na uwezo wake wote ni megawati 2115. Ndani ya kila mtambo mna sumaku kubwa za umeme. Zinazunguka karibu na nyaya nene za shaba, na umeme unatoka.

Sumaku zipo, tena kubwa. Lakini nani anazizungusha? Ni maji ya Rufiji yanayoteremka kwa nguvu. Yakifungwa maji, sumaku zinasimama na umeme unakwisha. Kama sumaku tupu zingetosha, taifa lisingejenga bwawa. Lingenunua sumaku.

MTOTO WA MHUNZI

Mtu aliyefungua njia ya mota aliitwa Michael Faraday. Alizaliwa Uingereza mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi. Shule alisoma kidogo tu. Alipokuwa kijana aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ili ajifunze kazi. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa na kubandika majalada. Lakini Faraday hakuvishona vitabu tu. Alivisoma. Tena aliyosoma aliyajaribu kwa mikono yake.

Mwaka 1820 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona jambo la ajabu. Aliweka waya wenye umeme karibu na dira. Sindano ya dira ikasogea. Sindano ya dira ni sumaku. Kumbe waya ukipitisha umeme, nao unakuwa sumaku!

Mwaka 1821 Faraday akatengeneza chombo chake. Waya ulizunguka kando ya sumaku, ukazidi kuzunguka, mradi betri ipo. Huo ndio mwanzo wa mota. Mwaka 1831 akageuza jambo lenyewe. Alisogeza sumaku karibu na waya, na umeme ukatoka kwenye waya. Huo ndio mwanzo wa jenereta, na wa dainamo ya baiskeli.

Yashikeni maneno haya mawili. Kwanza, waya ulizunguka "mradi betri ipo". Pili, umeme ulitoka pale "aliposogeza" sumaku. Mara ya kwanza chakula kilikuwa betri. Mara ya pili chakula kilikuwa mkono wa Faraday. Hata yeye hakupata kitu bure.

TUTENGENEZE MOTA

Sasa tusiamini maneno tu. Tujaribu wenyewe. Vifaa vinapatikana kijijini:

– Betri moja kubwa ya tochi, ambayo wengine huiita jiwe.
– Waya wa shaba wenye vanishi, mita moja na nusu. Mafundi huutoa kwenye mota au transfoma iliyoungua. Unene wake uwe kama sindano ya kushonea nguo.
– Pini mbili kubwa za kufungia nepi.
– Sumaku ya spika ndogo ya redio mbovu, iliyotolewa kwenye vyuma vyake.
– Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.
– Wembe au kisu kidogo.

Fanyeni hivi:

1. Zungusha waya kwenye betri mara 10. Acha ncha mbili, kila moja urefu wa kidole. Chomoa duara hilo la waya. Kila ncha izungushe mara mbili kwenye duara ili lisifumuke. Ncha moja itokeze kulia, nyingine kushoto, katika mstari mmoja ulionyooka.

2. Simamisha duara kama gurudumu lililosimama. Ncha ya kwanza ikwangue vanishi pande zote mpaka shaba ing'ae. Ncha ya pili ikwangue upande wa juu tu. Upande wa chini acha vanishi yake. Hapa ndipo pana siri ya kazi. Usiharakishe.

3. Laza betri mezani. Ibane kwa vijiwe viwili isibiringike. Weka pini moja mbele na nyingine nyuma ya betri, kila moja ikigusa chuma cha mwisho wa betri. Zifunge kwa mpira wa tyubu. Matundu madogo ya pini yatokeze juu kama masikio mawili.

4. Weka sumaku juu ya betri, katikati ya pini hizo.

5. Pitisha ncha za waya katika matundu ya pini. Duara likae juu ya sumaku, karibu sana, lakini bila kuigusa. Lisukume kidogo kwa kidole.

Kama kazi imefanyika vizuri, duara litazunguka. Kama halizunguki, lisukume upande wa pili. Kama bado, kwangua tena ncha, na tazama kama zimenyooka. Mara nyingi kosa liko hapo.

Tahadhari, ndugu zetu. Duara likisimama huku limeungwa na betri, waya hupata moto. Liondoe upesi. Usiunge waya huu na umeme wa nyumba hata siku moja. Utaua mtu. Betri ya gari nayo hapana. Sumaku ikivunjika, vipande vyake hukata. Watoto wasivitie mdomoni.

KWA NINI INAZUNGUKA?

Umeme ukipita katika duara la waya, duara linakuwa sumaku. Sumaku iliyo chini inalivuta, nalo linageuka. Lingekuwa na umeme wakati wote, lingefika mahali pake, likatikisika huku na huku, halafu likatulia.

Lakini sisi tuliacha vanishi upande mmoja wa ncha. Vanishi inakata umeme kwa nusu ya mzunguko. Kwa nusu hiyo duara linapita kwa mwendo lililokwisha upata. Halafu shaba inagusa tena, umeme unarudi, duara linasukumwa tena.

Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Unasukuma, unaacha. Unasukuma, unaacha. Ukishikilia tu bila kuacha, bembea haiendi.

DAFTARI NI CHOMBO CHA FUNDI

Chukua daftari. Chora mistari upate safu tatu. Ya kwanza andika Tarehe. Ya pili andika Nilibadili nini. Ya tatu andika Ikawaje.

Badili jambo moja tu kila mara. Leo duara la mizunguko 10, kesho 20. Leo sumaku iwe karibu, kesho mbali kidogo. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja, hutajua lipi limeleta faida. Fundi asiyeandika hurudia kosa lile lile kila mwaka. Anayeandika hulifanya mara moja.

Halafu andika jambo hili pia: betri imechukua muda gani mpaka kufa. Hapo ndipo penye somo kubwa. Siku mota itakaposimama, itazame sumaku. Iguse na msumari. Inavuta vile vile kama siku ya kwanza. Haijapungua. Basi kilichokwisha ni nini? Ni chakula. Ni betri.

SASA TUJARIBU SUMAKU TUPU

Tusikatae jambo kabla ya kulijaribu. Geuza baiskeli juu chini. Funga sumaku moja ndogo kwenye rimu ya gurudumu la mbele. Shika sumaku nyingine mkononi, au ifunge kwenye mti uliosimama karibu na gurudumu. Sasa sukuma gurudumu polepole.

Mtaona hivi. Sumaku ikikaribia mwenzake, gurudumu linakwenda mbio. Watu watapiga makofi. Lakini ikishapita, gurudumu linavutwa kurudi. Linakwenda, linarudi, linatulia mbele ya ile sumaku ya pili. Ongezeni sumaku: 4, 8, 12. Zigeuzeni zisukumane badala ya kuvutana. Zipangeni mshazari. Mtapata michezo mingi, na kila mmoja utaishia kusimama.

Kwa nini? Fikirini mtu wa Newala anayeteremka kwa baiskeli kwenda bondeni, upande wa mto Ruvuma. Kuteremka hana haja ya kukanyaga. Baiskeli inakwenda yenyewe. Lakini akifika chini, baiskeli haimrudishi juu. Mwendo alioupata bure wakati wa kushuka, ataulipa wote wakati wa kupanda. Tena atalipa na nyongeza, maana breki, mchanga na upepo vimekula sehemu yao.

Sumaku nayo ni bonde. Inakuvuta uingie. Ukitaka kutoka, inakuvuta vile vile urudi. Ukipanga sumaku 100, umetengeneza mabonde 100. Kila bonde lina mteremko wake na mlima wake. Ukilizunguka duara lote, unarudi pale pale ulipoanza, na mkononi huna kitu.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wametuonyesha kwenye karatasi. Mota izungushe jenereta. Jenereta ichaji betri. Betri iendeshe mota. Mchoro unapendeza. Lakini chukua mitungi miwili. Mimina maji toka mtungi huu kwenda ule, halafu urudishe, halafu tena. Kila mara yatamwagika matone. Hayataongezeka hata siku moja. Katika mota matone hayo ni joto, ni sauti, ni msuguano. Shika mota iliyokuwa ikifanya kazi. Ni ya moto. Joto hilo ni umeme uliomwagika.

"LAKINI TUMEIONA IKIZUNGUKA"

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeandika habari za gurudumu la sumaku linalozunguka lenyewe ni Petrus Peregrinus wa Ufaransa. Aliandika mwaka 1269. Ni zaidi ya miaka 700 sasa. Tangu hapo wamejaribu watu wengi hodari. Mwaka 1775 chama cha wataalamu wa sayansi huko Paris kilichoka. Kilitangaza kwamba hakitapokea tena michoro ya mashine zinazodaiwa kwenda milele bila kula. Kilisema mambo hayo yamewafilisi watu na jamaa zao.

Baadaye huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, alikuwapo John Keely. Tangu miaka ya 1870 alikusanya fedha za watu walionunua hisa. Alisema amevumbua nguvu mpya za siri. Kila mwaka mashine ilikuwa "karibu kuwa tayari". Alikufa mwaka 1898. Watu wakapekua nyumba aliyofanyia kazi. Chini ya sakafu wakakuta tufe kubwa la chuma na mabomba. Ilionekana kuwa vilikuwa vya hewa iliyoshindiliwa. Chakula cha mashine kilikuwa chini ya sakafu.

Mwingine ni Joseph Newman wa Mississippi, huko huko Marekani. Alisema mashine yake ya sumaku na nyaya za shaba inatoa nguvu nyingi kuliko inazokula. Aliishitaki serikali kwa sababu ilimnyima hati ya uvumbuzi. Mwaka 1986 ofisi ya vipimo ya serikali ikaipima mashine hiyo. Kila walipopima, umeme ulioingia ulikuwa mwingi kuliko uliotoka.

Je, hizi picha za kwenye simu? Betri ndogo kama kifungo cha shati huweza kufichwa ndani ya ubao. Feni huweza kupuliza toka pembeni, mahali kamera haifiki. Na picha huweza kukatwa kabla mashine haijasimama. Lakini tusiseme kila mtu ni mwongo. Wengine wamejidanganya wenyewe. Gurudumu lenye beringi nzuri, ukilisukuma, huzunguka muda mrefu. Anayelitamani huona halitasimama. Anayeandika saa kwenye daftari huona limesimama.

JIRANI YETU WA MALAWI

Basi, tuache majaribio? Hata kidogo! Tumsikilize jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

William Kamkwamba ni mtu wa Kasungu, Malawi. Mwaka 2001 na 2002 njaa kali iliingia nchi ile. Wazazi wake walishindwa kulipa ada, naye akaacha shule ya sekondari. Lakini hakuacha kusoma. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nguvu na matumizi yake. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Akaanza na picha. Halafu akasoma maneno yaliyo karibu na picha.

Akaokota vitu: baiskeli mbovu, feni ya trekta, mabomba ya plastiki. Akajenga mnara wa miti ya mkaratusi. Akaweka dainamo ya baiskeli. Upepo ukazungusha, taa ikawaka nyumbani kwao. Baadaye habari zake zilisomwa dunia nzima.

Ndani ya dainamo ile mlikuwa na nini? Sumaku na waya wa shaba. Vile vile vitu ambavyo vijana wetu wanavyo. Tofauti ni moja tu. Mashine ya Kamkwamba ilikuwa na chakula chake. Chakula hicho ni upepo.

Jaribuni na ninyi. Geuza baiskeli yenye dainamo. Zungusha gurudumu kwa mkono, taa ikiwa imetolewa. Ni jepesi. Rudisha taa, zungusha tena. Mkono utasikia uzito. Taa ile inakula mkono wako. Hakuna kitabu kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko mkono wenyewe.

Kwetu huku vyakula vya mashine vipo. Jua lipo, na pampu za sola zinafanya kazi sehemu nyingi za nchi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1982, na umeme wake tunao. Sumaku nzuri katika pampu ya sola ina faida kweli: hupunguza umeme unaomwagika. Hiyo ndiyo kazi yake ya haki.

Na tusisahau mvua. Bati la nyumba lenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 8 lina mita za eneo 40. Mvua ya milimita 25 ikilinyeshea, ni lita 1000. Ni ile ile tani moja tuliyoipigia hesabu! Jua limeipandisha mpaka mawinguni. Sisi tunatakiwa kuweka mfereji na tangi. Mkitafuta maji yaliyopandishwa bila dizeli, ndiyo hayo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtu akileta mashine ya ajabu, msimtukane. Huenda ameleta kitu kizuri. Mkaribisheni, mpeni kiti, halafu mwulizeni:

1. Mashine yako inakula nini?
2. Je, tunaweza kuiinua, kuizunguka, na kuifungua tuone ndani?
3. Je, itafanya kazi yenye uzito, kama kupandisha maji, au inazunguka tu?
4. Itafanya kazi hiyo siku ngapi bila wewe kuigusa?
5. Fedha zetu unazitaka kabla ya kuona kazi, au baada?

Kile kijiji tulichokitaja kilifanya hivyo. Mama mmoja mwanakisomo ndiye aliyeandika muhtasari wa mkutano. Aliandika hivi: "Mgeni alete pampu yake. Ijaze pipa la lita 200 toka bondeni kila siku, kwa siku saba. Ufunguo wa chumba cha pampu ukae kwa kamati ya maji. Siku ya nane tutazungumza habari za fedha." Wakasomeana, wakakubali, wakatia saini. Vidole gumba havikuhitajika.

Kwa nini siku saba? Wamefikiri vizuri. Kupandisha mapipa saba mita 300 kunataka zaidi ya uniti moja ya umeme. Betri ya gari ya kawaida ikifichwa ndani ya mashine haiwezi kufika huko. Kwa hiyo jaribio lao haliogopi betri ya siri. Mpaka tunaandika maneno haya pampu haijaletwa. Fedha za korosho ziko mikononi mwa wenyewe.

Na ninyi vijana mafundi, msivunjike moyo. Mtu wa Makonde anajulikana duniani kwa mkono wake. Mkono unaotoa sura ya mtu katika gogo la mpingo hauwezi kushindwa na waya wa shaba. Ukiwa na mchoro wako, upeleke kwa walimu wa ufundi wa VETA. Au upeleke SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Nenda na daftari lako lenye safu tatu. Mtu mwenye daftari husikilizwa.

Tunamaliza. Sumaku ni kitu kizuri. Ichezeeni, ijaribuni, ijueni. Lakini kila mtakapoiona mashine inakwenda, ulizeni swali lile moja: inakula nini? Swali hilo halina gharama, na linalinda jasho la mwaka mzima.



MAMBO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni mashine tano zilizopo kijijini kwenu. Kila moja inakula nini?
2. Mota ya betri ikisimama, kitu gani kimekwisha: sumaku au betri? Mtathibitishaje?
3. Pimeni bati la nyumba moja. Mvua ya milimita 25 itatoa lita ngapi?
4. Andikeni kwa pamoja masharti ambayo kijiji chenu kingempa mtu anayeleta mashine mpya.